Wafugaji wa Mjini, Chanjeni Kondoo Wenu

Wafugaji wa Kibera na Kawangware wasidhani kwamba sotoka ya kondoo na mbuzi, iliyozuka Turkana mwaka 2006, ni balaa ya mbali. Kondoo mmoja aliyenunuliwa mnadani aweza kuileta zizini. Dalili zake ni homa, makamasi, kikohozi na kuhara. Huenea kwa pumzi, wala haina dawa ya kuiponya. Lakini sindano moja humkinga mnyama kwa miaka 3 au zaidi. Chanjo huharibika kwa joto. Basi mwiteni daktari wa mifugo, msinunue chupa njiani. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kukomeshwa duniani mwaka 2011. Hii nayo itakoma, ikiwa hata mwenye kondoo wawili wa karo atawachanja.