Piano ya Jazi Ianze na Wimbo wa Mama

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Msemo huo ulinijia jioni moja hapa Chewele, kando ya Mto Tana, nilipokuwa nikimfundisha mwanafunzi wangu wa kwanza kupiga piano ya jazi. Nasema piano, ila chombo chenyewe kilikuwa kinanda kidogo cha betri ambacho funguo zake mbili zilikuwa hazilii. Kijana aliniuliza: "Mwalimu, mimi nitashindanaje na mtoto wa Nairobi ambaye piano iko sebuleni kwao?"

Swali hilo si la mzaha. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa, pamoja na michezo, kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Je, mtoto wa Tana mwenye kipawa cha muziki tumwambie angoje mpaka piano iletwe kwa lori?

Naungama kwamba mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilijifunza ukubwani, kwa mwalimu aliyenifungia miezi sita katika vitabu vya nota. Siku nilipoombwa kupiga wimbo wowote niupendao, vidole viliganda. Nilikuwa nimejua kusoma lugha nisiyoweza kuisema. Ajabu ni kwamba kosa hilo hilo nililirudia Chewele: kwa majuma mawili nilimchorea kijana yule nota ubaoni, naye akasinzia.

Sisi wa Afrika Mashariki jina la jazi tulilizoea katika bendi za dansi, kama vile Morogoro Jazz, zilizotegemea magita. Jazi iliyozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi ina sura nyingine, lakini msingi wake anaujua kila mwalimu wa fasihi simulizi. Fanani hasimulii ngano ile ile mara mbili kwa maneno yale yale. Kiini hubaki, maneno hubadilika, na hadhira huitikia. Mpiga piano ya jazi naye hushika kiini cha wimbo, kisha hutunga papo hapo.

Uhuru huo una arudhi yake. Kama shairi lilivyo na vina na mizani, bluzi, ambayo ni mama wa jazi, huwa na vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Katika mpango wa kawaida, vipimo vinne vya kwanza husimama juu ya do, viwili juu ya fa, viwili hurudi do, kimoja so, kimoja fa, na viwili vya mwisho do. Mkono wa kushoto ukiyashika hayo, mkono wa kulia una mahali pa kuchezea.

Basi nikaufuta ubao. Nikamwomba kijana aimbe wimbo aliobembelezwa nao utotoni. Aliona haya, akacheka, kisha akaimba. Tukautafuta wimbo ule kwenye kinanda kwa kidole kimoja, tukizikwepa funguo mbovu. Nilipoongeza do kwa mkono wa kushoto, alinyamaza akasikiliza. Jioni ya tatu aliubadilisha mwisho wa wimbo bila kuambiwa. Hapo ndipo jazi ilipoanza.

Wenye kudhani kwamba njia hiyo ni ya kitoto wakumbuke wimbo wetu wa taifa. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, iliujenga wimbo huo juu ya bembelezi ya Wapokomo, watu wa mto huu huu. Wataalamu hao walianzia kwenye sauti ya mama, wakaivisha mavazi mapya. Ikiwa bembelezi ya Tana ilitosha kubeba taifa zima, itashindwaje kubeba somo la kwanza la mwanafunzi?

Hata magwiji wa Marekani wanatufunza jambo. Erroll Garner hakujua kusoma nota maisha yake yote, na bado alitunga "Misty", wimbo unaopigwa duniani kote. Herbie Hancock naye alisoma: akiwa na umri wa miaka 11 alipiga utungo wa Mozart pamoja na okestra kuu ya Chicago. Lakini jazi aliifuata kwa sikio, akisikiliza sahani za santuri na kuiga. Mapema katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili. Yeye akawa Mwandishi, mpiga ngoma akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, aliyekuwa daktari kweli, akawa Mganga. Wao walivuka bahari kuitafuta lugha yetu. Sisi tunaona haya kuimba nyimbo za bibi zetu darasani!

Sidai kwamba nota hazina maana. Bila nota mwanafunzi hataufikia utungo wa mtu wa mbali. Ninachodai ni mpangilio: mtoto husema kabla ya kuandika, na muziki uende vivyo hivyo.

Kwa walimu wenzangu wasio na chombo, kazi ianze sasa. Chora funguo 12 kwenye karatasi ya manila, saba nyeupe na tano nyeusi, ili vidole vizoee njia. Darasa liimbe do, fa na so kwa vipimo 12 huku ngoma ikishika mapigo, na kila mwanafunzi apewe zamu ya kujibu kwa sauti yake. Kinanda kikipatikana, mwanzo na aguse funguo nyeusi pekee, kwa kuwa hizo tano hupatana zenyewe kwa zenyewe, naye hataogopa kukosea.

Nao wakuu wa elimu wasiufanye ushauri huu kisingizio cha kutonunua vyombo. Sikio huanzisha safari, lakini piano haichorwi kwenye manila milele. Kijana wangu nilimjibu hivi: mwenzako wa Nairobi amekutangulia kwa chombo, nawe usikubali akutangulie kwa wimbo. Jioni hii atakuja tena, na tumebakiwa na betri za juma moja.