Varenna na Ziwa la Como: kwa mtu wa Malindi anayepanga safari

Tangu miaka ya 1960, Wataliano walipoweka kituo chao cha San Marco baharini kule Ngomeni na kurusha setilaiti kutoka pale mwaka 1967, pwani yetu imezoeana nao mno. Malindi na Watamu zina watoto wanaozungumza Kiitaliano bila kuingia darasani, na zipo familia ambazo zimeshaoana nao na zina wajukuu huko. Lakini muulize mtu wetu nchi hiyo ikoje, atakutajia Milano na Roma basi. Anayepata mwaliko wa kwenda akaishia kwenye maghorofa ya Milano ananyimwa kilicho bora, maana mwendo wa saa moja tu kwa treni kutoka hapo kuna maziwa yaliyo chini ya milima ya Alps. Mimi namshauri aende Ziwa la Como, afikie mji mdogo wa Varenna.

Jambo la kwanza ni msimu, na hapa mtu wa pwani ana bahati. Wataliano hutujia Desemba, kaskazi ikivuma, na huanza kuondoka masika yakikaribia. Kuanzia Aprili hoteli nyingi zetu hufunga, na wahudumu hurudi makwao kungoja Julai. Miezi hiyo hiyo ndiyo kule ziwani hufunguliwa. Kuanzia Novemba hadi Machi Varenna na Bellagio, mji wa ng'ambo ya ziwa, huwa kama zimelala: hoteli nyingi hufungwa, feri hupunguzwa, na theluji hujaa vileleni. Mei na Juni maua yametoka, jua lipo, na watu hawajawa wengi. Kwa hivyo mfanyakazi wa hoteli ya Malindi anaweza kwenda wakati ambao huku hana kazi. Agosti iepuke kabisa, maana ni mwezi wao wa mapumziko, na karibu na sikukuu ya Ferragosto, tarehe 15, bei hupanda na vyumba ni shida kupata.

Karatasi ndizo zinazochosha. Mtaliano anayekuja Kenya hujaza fomu ya kibali cha kielektroniki kwenye intaneti akiwa nyumbani kwake. Sisi tunaomba viza ya Schengen, na inauma kuona tofauti hiyo baina ya watu waliokwisha kuwa ndugu. Viza ya matembezi ni ya siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala usiyapeleke zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Anayeomba mara ya kwanza huchukuliwa alama za vidole, kwa hivyo huwezi kumtuma mtu. Na ukifikia kwa jamaa, mkumbushe kwamba sheria yao inampa saa 48 kuwaarifu polisi kwa maandishi kuwa amekukaribisha.

Ukishatua uwanja wa ndege wa Malpensa, panda treni hadi Milano Centrale, kisha nyingine ielekeayo Tirano, ushuke Varenna. Tiketi ya karatasi uigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo utapigwa faini. Kaa upande wa kushoto. Ukishapita Lecco ziwa hujitokeza na halikuachi tena: maji ya buluu nzito, nyumba za manjano na waridi zimebanana ukingoni, na ng'ambo milima imesimama wima. Kina chake kinapita mita 400. Atakayetaka kuogelea asijitumainie kwa kuwa amekulia baharini. Maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya ufuo wetu wa Silversands, ni ya baridi, na ukingo hukatika ghafla.

Asubuhi huvuma Tivano kutoka kaskazini. Mchana Breva huja kutoka kusini na kuchafua maji. Wenyeji hupanga siku yao kwa pepo hizo. Feri ya kuvuka kwenda Bellagio huchukua kama dakika 15. Kiasi cha kilomita moja kusini mwa Varenna kuna Fiumelatte, mto wa mita 250 tu, unaotoka pangoni mwambani ukiwa mweupe kwa povu na kuangukia ziwani. Hutiririka kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba hivi, kisha hukauka. Bustani ya Villa Monastero nayo usiikose; katika jumba hilo Enrico Fermi, mwanafizikia wa Tuzo ya Nobel, alifundisha mwaka 1954, miezi michache kabla ya kufa.

Chakula kimoja kitakugusa: missoltini, yaani ng'onda wa kule. Samaki waitwao agoni huvuliwa Mei na Juni, hutumbuliwa, hutiwa chumvi, hutungwa kwenye nyuzi na kuanikwa juani na upepo. Wakishakauka hupangwa tabaka kwa tabaka ndani ya kopo, pamoja na majani ya alloro (bay leaf), na kukandamizwa mpaka mafuta yatoke. Huchomwa kidogo juu ya makaa, hunyunyiziwa siki, na kuliwa na polenta, ambayo ni unga wa mahindi ya manjano uliosongwa. Kwa Mwislamu ni mlo salama kuliko vingi, maana nyama ya nguruwe huingia hata kwenye mchuzi na maandazi. Uliza kabla ya kuagiza. Na ajue kwamba mwishoni mwa Juni swala ya magharibi huingia baada ya saa tatu usiku.

Fedha nazo zichunge: kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta, maana ukikaa mezani bei hupanda, na hoteli nazo huongeza kodi ya mgeni kwa kila usiku.

Anayetaka kwenda Mei aanze kukusanya karatasi zake Desemba, mwenyeji wake akiwa bado yuko Malindi. Barua ya mwaliko muiandike pamoja, mezani, kabla hajaondoka.