Hodi ya Mashine

Msomaji mmoja wa Igoma, aliyempeleka mama yake kupimwa damu katika hospitali moja ya mjini Mwanza, ameniletea swali ambalo wataalamu huenda wakalicheka, nami nimelipenda kuliko mengi: aliiona mashine ya damu ikikoroma pembeni mwa chumba, akaona waya ukitoka kisogoni mwake na kuingia katika kompyuta, na kabla hawajaketi tena kwenye benchi daktari wa chumba cha pili alikuwa amekwisha kuyasoma majibu; basi anauliza, vyombo hivyo viwili huzungumza Kiswahili au Kiingereza?

Namna mashine inavyohesabu chembe za damu sitaieleza, maana imeelezwa na wengine, tena kwa urefu kuliko inavyostahili. Wala sitakawia juu ya programu za maabara, kama DISA ya Afrika Kusini, iliyotumika katika maabara kubwa za nchi yetu, au BLIS iliyozaliwa Georgia Tech mjini Atlanta na kuendelezwa na wenzetu wa Strathmore, Nairobi. Hospitali ya Bugando, mjini Mwanza, ilipofunguliwa kilimani kwake mwaka 1971, majibu ya maabara yalisafiri kwa kalamu, kutoka mashineni hadi rejesta na kutoka rejesta hadi fomu, na nukta moja ikisahaulika njiani wingi wa damu wa 11.2 huwa 112. Muradi wangu ni ule waya uliokuja kuipokonya kalamu kazi yake, na adabu ipitayo ndani yake.

Watu wa kompyuta huita mahali vyombo vinapokutana kiolesura. Neno hili silichukii. Nikilisikiliza husikia ndani yake kitenzi cha kale ola, yaani kutazama, pamoja na sura. Lakini hapo ndipo penye taabu yangu, kwa kuwa vyombo hivi havitazamani wala havina sura, bali husemezana gizani herufi baada ya herufi, mithili ya majirani waliotengwa na kiambaza. Nikitafuta neno jingine niliwaza ukalimani, nikauacha, maana hapana lugha mbili. Nikawaza utarishi, nikaona tarishi hubeba barua asijue kama imelowa. Mwisho nimetulia juu ya itifaki, neno tulilolizoea katika dhifa za serikali, ambako huamua nani aketi wapi na nani atangulie kusema. Asili yake ya Kiarabu ni mapatano, na mapatano ndiyo hasa yaliyomo.

Mapatano hayo yalitolewa mwaka 1991 na shirika la viwango la Marekani liitwalo ASTM, kwa namba E1381, na mashine nyingi za maabara hunena kwayo hata leo. Yamejengwa juu ya alama za ASCII, ambazo kila moja ina namba yake na baadhi yake hazichapiki kabisa, kwa sababu kazi yake ni adabu tupu. Mashine iliyo na majibu haiyamwagi ovyo. Kwanza hupiga hodi, nayo ni alama namba 5. Kompyuta ikiwa na nafasi husema karibu, namba 6. Ikiwa na shughuli husema subiri, namba 21, na mgeni hurudi nyuma akangoja sekunde 10 ndipo apige tena. Akikaribishwa hasemi yote kwa pumzi moja: hutanguliza alama namba 2, ambayo ndiyo bismillahi yake, akatoa fungu moja lisilozidi herufi 240, akanyamaza mpaka aambiwe "nimesikia", ndipo aendelee na la pili. Akiambiwa "sikusikia" hulirudia neno kwa neno, bila ya kununa, mpaka liwe limetumwa mara sita, ilhali mila ya Pwani humpa mgeni hodi tatu tu. Sekunde 15 zikipita kimya, hujua mwenyeji ametoweka. Naye haondoki bila ya kuaga, kwa alama namba 4. Na je, mwenyeji na mgeni wakipiga hodi kwa wakati mmoja? Hapo nilicheka peke yangu, maana hata hilo limewazwa: kompyuta hunyamaza sekunde 20, mashine hungoja sekunde 1 tu, kwa kuwa imeamriwa kwamba mwenye majibu atangulie na mwenye maagizo asubiri. Nimehudhuria mikutano ya mtaa isiyofikia adabu hiyo.

Lakini herufi huweza kugeuka njiani, hasa waya ukipita jirani na jenereta. Kwa hiyo mwisho wa kila fungu mashine huongeza herufi mbili ambazo mimi naziita hesabu-shahidi. Kila herufi ina namba yake. Msemaji huzijumlisha zote, akatoa 256 kila inapotimia, akaandika salio. Chukua fungu la kufungia mazungumzo, 1L|1|N, na alama zake mbili zisizoonekana: 49, 76, 124, 49, 124, 78, 13 na 3. Jumla ni 516. Toa 256 mara mbili, zimebaki 4, na mashine huandika 04. Kompyuta hujumlisha upya kwa upande wake, na isipopata 4 hukataa mzigo, kama mpokezi wa magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye haamini hesabu ya chomboni mpaka ahesabu mwenyewe nchi kavu. Hata hivyo, tarakimu mbili zikibadilishana nafasi jumla haibadiliki, na kosa hupita. Na majibu ya mrija wa damu uliobandikwa jina la mtu mwingine yatafika kwa daktari na adabu zote.

Kwa hiyo si Kiswahili wala si Kiingereza, ingawa hodi ni yetu. Pembeni mwa barua msomaji wangu ameuliza pia kwa nini walipokwenda mara ya pili, umeme ukakatika na kurudi, majibu yalichelewa ilhali mashine ilikuwa imekwisha kupima. Nadhani ilikuwa mlangoni ikipiga hodi, na kompyuta haijaamka.