Pesa ya kwanza iende kwenye mpira

Kijana anayetaka kuingia kwenye kazi ya kusafisha vioo Dar es Salaam, kitu cha kwanza anachoulizia Kariakoo ni ngazi. Cha pili ni mashine ya presha, ile ya kuoshea magari. Vyote viwili vinaweza kusubiri. Kazi yake ya mwanzo iko chini: milango ya vioo ya saluni, maduka ya dawa na ofisi ndogo, pamoja na madirisha ya aluminiamu ya nyumba za kawaida. Huko kinachotakiwa ni mpira mzuri.

Mpira ninaousema ni ule wa kukaushia kioo, uliobanwa kwenye chuma chenye mkono mfupi. Umbo lake la leo tunalo kwa Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano aliyekuwa akisafisha madirisha huko Oakland, California, akauchukulia hataza mwaka 1936. Wenzake walikuwa wakihangaika na vyuma vizito vyenye mipira miwili, na kuibadilisha kulikuwa ni kufungua skrubu kibao. Yeye akaleta kifaa chepesi cha shaba nyeupe chenye mpira mmoja. Wanaolipwa kwa kazi hii hadi leo wanatumia ndugu zake.

Chagua wa sentimita 35. Wa 45 una mbwembwe, lakini kwenye madirisha yetu ya kuteleza utagonga fremu kila saa. Hakikisha mpira wenyewe unachomoka, maana ukingo ukichakaa unaugeuza upande wa pili, ukiisha wote unanunua mpira tu. Ile ya plastiki iliyogandishwa moja kwa moja iache hukohuko dukani.

Sabuni ya maji, matone machache kwa ndoo. Wengi hapa wanaharibu. Wanataka povu, kisha wanashinda wakifuta michirizi. Lowesha kioo, halafu kwa kitambaa kikavu futa ukanda mwembamba juu kabisa, upana wa vidole viwili. Hapo ndipo mpira unapoanzia. Uvute wima hadi chini, umeuinamisha kidogo ili maji yakimbilie upande ambao bado umelowa, ufute ukingo wake, kisha rudi juu, mvuto wa pili ukipanda kidogo juu ya njia ya kwanza. Ile mizunguko ya mbwembwe unayoiona kwenye video ina siku yake. Na usianze na kioo kinachopigwa na jua. Maji yatakauka kabla hujafika chini.

Maji nayo yana maneno. Visima vingi vya jijini vina chumvi, na kila tone linalokaukia kwenye kioo linaacha doa jeupe. Kama hakuna mengine, hakikisha tu hayakaukii hapo. Yale yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, ambayo watu wanayaruka tu barabarani, hayana chumvi hiyo, kwa kuwa ni mvuke wa hewani uliopoa. Ndoo yake inatosha kumalizia mlango wa duka.

Kinachokula muda kwenye nyumba zetu hasa ni wavu wa mbu na nondo. Wavu uoshwe kwanza, la sivyo vumbi lake litakurudisha kwenye kioo ulichomaliza. Kwa nyuma ya nondo, mara nyingi kipande cha dirisha kinanyanyuliwa na kutolewa kwenye reli yake kwa ndani, lakini muombe mwenye nyumba ruhusa, na muwe wawili. Kwa hiyo bei ipangwe baada ya kuona wavu na nondo. Kuhesabu vioo peke yake ni kujipunja.

Nyumba mpya zenye matone ya rangi na saruji zinahitaji wembe. Kioo kiwe kimelowa, wembe uende mbele tu, usirudishwe. Kabla ya kuanza, mkague kioo pamoja na mwenye mali, mikwaruzo ya zamani ionekane na wote wawili.

Ngazi ikifika zamu yake, kwa kila mita nne za kimo mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani. Minara ya Posta ina watu wake, wenye kamba na mafunzo ya kamba.