TUNDU MOJA KWA KAZI ZOTE: FAIDA NA GHARAMA ZAKE

Katika miaka ya 1990, kompyuta mpakato, yaani zile ndogo zinazoweza kupakatwa mapajani, zilikuwa na matundu mengi ya maumbo mbalimbali. Palikuwa na tundu la mviringo la kuingizia umeme, tundu pana la mashine ya kuchapia lenye nafasi 25, tundu la skrini ya nje lenye nafasi 15, tundu la kipanya, na mengineyo. Kila tundu lilikuwa na kazi yake, na plagi ya kazi nyingine haikuweza kuingia hata ikisukumwa kwa nguvu. Katika kompyuta nyingi za siku hizi matundu hayo yametoweka. Badala yake yapo matundu machache madogo yenye kingo za mviringo, ambayo huitwa USB-C. Tundu moja la namna hiyo laweza kupokea umeme, kupitisha maandishi na kupeleka picha kwenye skrini ya nje, yote kwa wakati mmoja.

Badiliko hili limezusha mjadala mrefu miongoni mwa watengenezaji, wanunuzi na watunga sheria. Je, tundu moja limempunguzia mtumiaji mzigo, au limeuhamisha tu mzigo huo kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye mkoba uliojaa adapta?

ASILI YA TUNDU LA PAMOJA

Wazo la tundu la pamoja si jipya. Mwezi wa Januari 1996, kampuni kadhaa, zikiwamo Intel, Microsoft na IBM, zilitoa kanuni za kwanza za USB. Kebo ya wakati huo iliweza kupitisha biti milioni 12 kwa sekunde. Mwaka 1998 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya mezani iitwayo iMac, ambayo haikuwa na matundu ya zamani wala nafasi ya kuingizia diski laini. Aliyekuwa na mashine ya kuchapia ya zamani alilazimika kununua adapta au mashine mpya. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini watengenezaji wa vifaa walifuata, na baada ya miaka michache USB ikaenea kote.

Plagi ya kwanza ya USB ilikuwa bapa, ya mstatili, yenye ncha 4 za metali, nayo iliingia kwa upande mmoja tu. Mwezi wa Agosti 2014 zilitolewa kanuni za USB-C. Plagi hii ina nafasi 24 za ncha, zilizopangwa katika safu mbili za 12, kiasi kwamba hata ikigeuzwa juu chini huingia na kufanya kazi.

Mwaka 2015 Apple ilitoa kompyuta mpakato iliyokuwa na tundu moja tu la USB-C, mbali na lile la visikilizio vya masikioni. Mtu aliyetaka kuchaji na wakati huo huo kusoma faili zilizo nje ya kompyuta hakuweza kufanya hivyo bila adapta. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliondoa matundu ya zamani hata katika kompyuta zake za MacBook Pro, zinazotumiwa sana na wapiga picha na watengenezaji wa filamu. Manung'uniko yalipozidi, mwezi wa Novemba 2016 kampuni ilipunguza bei za adapta zake kwa muda. Hatimaye, mwezi wa Oktoba 2021, ilirudisha katika MacBook Pro mpya tundu la skrini la HDMI, nafasi ya kadi ya kumbukumbu ya kamera, na tundu la pekee la kuchajia. Matundu ya USB-C hayakuondolewa, ila yalirudishiwa wenzake.

ADAPTA SI WAYA MTUPU

Watetezi wa tundu moja wana hoja zenye uzito. Tundu dogo huruhusu kompyuta kuwa nyembamba. Chaja moja yaweza kutumika kwa simu, kwa kompyuta na kwa taa ya kusomea. Tundu moja likiharibika, la pili laweza kufanya kazi ile ile. Wapinzani nao husema kwamba adapta hununuliwa kwa fedha, hupotea, husahauliwa nyumbani, na huongeza mahali pa kukatika kwa mawasiliano.

Hoja hii ya pili huonekana wazi darasani. Projekta nyingi za zamani zina tundu la VGA, ambalo IBM ililitoa mwaka 1987. VGA hupokea picha kwa njia ya nguvu ya umeme inayopanda na kushuka mfululizo, ilhali tundu la USB-C hutoa picha kwa tarakimu. Kwa hiyo adapta inayounganisha viwili hivyo haina budi kuwa na kifaa cha kielektroniki ndani yake cha kufasiri tarakimu hizo. Kuunganisha nyaya peke yake hakutoshi. Tena, si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine hupitisha umeme na faili tu. Mwalimu aliyenunua adapta njema kwa kompyuta isiyotoa picha atabaki na ukuta mweupe.

MAZUNGUMZO KABLA YA UMEME

Jambo kubwa zaidi limefichika ndani ya kebo. Simu huhitaji wati chache, na kompyuta huhitaji wati nyingi. Vipi chaja moja ihudumie vyote viwili bila kuunguza kimojawapo? Jibu ni kwamba vifaa huzungumza kwanza. Chaja ya USB-C huanza kwa kutoa volti 5 tu. Kisha hukitangazia kifaa viwango inavyoweza kutoa, nacho huchagua kinachokifaa. Kwa kanuni za awali kiwango cha juu kilikuwa volti 20 kwa ampea 5. Mwanafunzi akizidisha, atapata wati 100. Mwaka 2021 kanuni zilipanuliwa hadi volti 48 kwa ampea 5, yaani wati 240.

Mazungumzo hayo hutegemea ukweli wa kila upande. Kebo inayounganisha chaja ya zamani na kifaa cha USB-C hupaswa kuwa na kipingamkondo cha omu 56,000, ambacho ni ishara kwa kifaa kwamba kisivute umeme kupita uwezo wa chaja hiyo. Baadhi ya viwanda viliweka kipingamkondo cha omu 10,000. Ishara hiyo ilidai kwamba chaja inaweza kutoa ampea 3, hata kama haikutengenezwa kwa mzigo huo. Matokeo yake yalikuwa joto na hatari ya kuharibu vifaa.

Mwishoni mwa mwaka 2015 mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kununua kebo za namna hii na kuzipima moja moja, akitangaza zilizofaa na zisizofaa. Mwezi wa Februari 2016 mojawapo, ambayo nyaya zake za umeme zilikuwa zimeunganishwa kinyume, iliharibu kompyuta yake na vifaa vyake vya kupimia. Mwezi uliofuata duka la mtandaoni la Amazon lilipiga marufuku kebo za USB-C zisizofuata kanuni.

NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kebo mbili za USB-C zaweza kufanana kabisa kwa nje, na zikatofautiana mno kwa ndani. Moja hupitisha biti milioni 480 kwa sekunde, na nyingine biti bilioni 40. Filamu yenye baiti bilioni 10 ni sawa na biti bilioni 80. Kwa hesabu tu, kebo ya kwanza itaipitisha kwa sekunde 167 hivi, na ya pili kwa sekunde 2. Zamani umbo la tundu lilieleza kazi yake. Sasa umbo limenyamaza, na mtumiaji hulazimika kutafuta maelezo mahali pengine.

SHERIA YAINGIA

Mwaka 2009 watengenezaji wa simu walikubaliana na Tume ya Ulaya kwa hiari, na aina za chaja za simu zikapungua kutoka 30 hadi 3. Hapo zikakwama. Tume ilikadiria kwamba chaja zilizotupwa au zisizotumika ni takataka za tani 11,000 kila mwaka. Tarehe 4 Oktoba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha sheria ya chaja ya pamoja kwa kura 602 dhidi ya 13. Sheria hiyo iliweka tarehe 28 Desemba 2024 kuwa mwanzo wa matumizi yake kwa simu na vifaa vingine vidogo, na tarehe 28 Aprili 2026 kwa kompyuta mpakato.

Apple ilipinga, ikidai kwamba umbo lililowekwa kisheria litazuia uvumbuzi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa USB-C yenyewe ilizaliwa kwa sababu umbo la kwanza liliachwa. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 2023 kampuni hiyo ilitoa simu za iPhone 15 zenye tundu la USB-C, na simu hizo ziliuzwa hivyo Ulaya na nje ya Ulaya. Ndivyo sheria iliyopigiwa kura Strasbourg inavyoweza kufika hata katika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi.

LA KUZINGATIA

Kuwa na tundu la namna moja ni faida ya kweli, lakini umbo ni nusu tu ya mapatano. Nusu ya pili ni kanuni za ndani, na alama za nje zinazomweleza mnunuzi kile anachonunua. Mahali zinapokosekana, gharama ya makosa humwangukia mtumiaji, ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo wa kuyagundua.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chaja, yafaa kusoma wati zilizoandikwa juu yake na kuzilinganisha na zile za kompyuta. Kabla ya kununua adapta ya projekta, yafaa kuhakikisha kwamba tundu la kompyuta hutoa picha. Na kebo isiyo na alama yoyote, hata ikiwa rahisi namna gani, isitumiwe kuchajia kompyuta ambayo shule nzima inaitegemea.