Lugha ya C haina kengele, tuifunge wenyewe

Mimi nilisoma agronomia, si informatike. Lakini msimu uliopita niliandika programu ndogo mu lugha ya C ya kujumlisha kilo za muhogo za mashamba yetu hapa Makobola. Jibu likatoka: mbegu mpya inazaa kidogo kuliko ya zamani. Nikawa tayari kuwaambia wamama waiache.

Kumbe ku mstari mmoja, pahali pa 120, niliandika l20, herufi l badala ya moja. Fonksioni atoi ikikuta herufi mbele ya namba, inarudisha 0 na kunyamaza. Shamba zima likahesabiwa sifuri!

Njo tabia ya C, lugha aliyoitunga Dennis Ritchie kule Marekani karibu na 1972. Mu Java ao Python, kosa kama hilo linapiga kelele na kusimamisha kazi. Mu C, fonksioni inarudisha alama tu. Kwa mfano, fopen ikishindwa kufungua faili inarudisha NULL. Usipoangalia, unaendelea na safari kama kipofu.

Dawa ya kwanza ni kuuliza kila mara. Mimi niliacha atoi, nikachukua strtol, ambayo inakuonyesha imesoma mpaka wapi.

Lakini fonksioni zinaitana. Tuseme Makobola inatuma Mboko, Mboko inatuma Baraka. Kosa likitokea Baraka, Mboko lazima ipokee habari na kuifikisha Makobola. Mmoja akinyamaza, habari imepotea.

Njo hapa zinaingia setjmp na longjmp, zilizo mu kanuni rasmi za C tangu 1989:

jmp_buf alama;

if (setjmp(alama) == 0)
    soma_kilo();
else
    puts("Kosa! Angalia daftari.");

Mara ya kwanza setjmp inaweka alama Makobola na kurudisha 0. Baraka ikikwama, inaita longjmp(alama, 1). Programu inaruka moja kwa moja mpaka Makobola bila kupitia Mboko, na setjmp inarudisha 1. Lua na libpng zinatumia njia hii.

Muangalie mambo matatu. Mizigo uliyoacha Mboko inabaki kule: memori ya malloc na faili zilizo wazi hazijifungi zenyewe. Pili, kama fonksioni iliyoweka alama imekwisha kumaliza kazi, usiruke tena, hakuna pa kutua. Tatu, namba ya ndani ya fonksioni hiyo iliyobadilishwa kiisha setjmp inaweza kuharibika, kama hukuitangaza volatile.

Niliporudia hesabu, programu ilisimama palepale ku l20. Nikasahihisha, na mbegu mpya ikapita ya zamani. Wamama hawakujua kama nilikuwa karibu kuwapoteza. Wewe unayehesabu mavuno, dawa ao minerval ya watu, programu yako ikikosea itakuambia?