Shahada ya Uzamili ya Biashara ya Kimataifa kwa Njia ya Mtandao: Yapasayo Kuzingatiwa Kabla ya Kulipa Ada

Kusomea shahada bila kuhama kituo cha kazi si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwatahini wanafunzi walio mbali nacho tangu mwaka 1858, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki kilichotoa shahada za London. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992. Kilichobadilika ni chombo: bahasha ya posta imeipisha intaneti.

Fani ya biashara ya kimataifa ina manufaa ya wazi kwa wilaya zinazouza mazao nje. Mfano ni mkataba wa korosho. Anayeuza kwa masharti ya CIF hulipia nauli ya meli na bima hadi bandari ya mnunuzi, hivyo wengi hudhani kwamba mzigo ukiharibika baharini hasara ni ya muuzaji. Sivyo. Kwa kanuni za Incoterms 2020, hatari humhamia mnunuzi mara mzigo unapowekwa melini, kama ilivyo katika FOB. Tofauti ya masharti hayo mawili iko katika gharama. Chama cha ushirika kisicholijua hilo huweza kusaini mkataba na kuingia katika mgogoro kisichokuwa na fedha za kuuendesha. Mwanafunzi hujifunza pia malipo kwa dhamana ya benki, cheti cha uasili wa bidhaa na taratibu za Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa mwaka 2005.

Penye hatari zaidi ni uchaguzi wa chuo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo yenye mamlaka ya kuzitambua shahada zilizotolewa nje ya nchi. Mwombaji aulize TCU kabla ya kulipa, si baada ya mahafali: je, chuo kina ithibati katika nchi yake, na je, programu hiyo, kwa njia hiyo ya mtandao, inatambuliwa? Tovuti ya kupendeza si ithibati. Vilevile, cheti cha kozi fupi, hata kikitolewa na chuo mashuhuri, si shahada. Ama chuo kinachodahili kwa saa chache na kutaka ada itumwe kwenye akaunti ya mtu binafsi, hicho hakihitaji uchunguzi zaidi.

Mtumishi wa umma, hata anayejilipia mwenyewe, aombe kibali kwa barua kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia mkuu wake wa idara, akieleza muda wa masomo na ratiba ya vipindi. Ratiba isomwe kwa saa za hapa: kipindi cha saa 12 jioni mjini London huwa saa 3 usiku Tanzania majira ya baridi, na saa 2 usiku majira ya joto.